Waya wa Kurudi

Wambui, mama,

Umekwenda Makongeni kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachilia mpaka amalize chai yote iliyo katika birika na habari zote zilizo kichwani mwake. Basi nina muda. Nimesogeza meza karibu na dirisha nitumie mwanga uliobaki, maana taa ya chumba hiki ni taa ya nyumba ya fundi: inangojea kutengenezwa tangu mwaka jana.

Sitakuandikia habari za sweta, wala namna ya kukaa na mwalimu mkuu huko Nakuru unakokwenda kufundisha, wala nani umwamini na nani umkwepe. Una akili ya kutosha kwa mambo hayo, na mimi mwenyewe sikuyaweza. Nakuandikia kwa sababu ya swali lako la Alhamisi.

Ulikuwa ukimenya viazi. Ukasema mke wa kaka yako Mwangi amejifungua salama kule Nakuru, mtoto wa kiume, na kwamba wamemwita Kariuki. Kisha ukauliza bila kuinua macho, "Baba, Jumatatu nikifika kwa Mwangi, nimwambie nini?" Nikachukua kofia nikatoka. Niliporudi viazi vilikuwa vimeiva, nawe hukuuliza tena. Leo ni Jumapili. Swali lako limekuwa nami siku zote hizi kama mgeni aliyeachwa amesimama mlangoni.

Kariuki ni jina la baba wa mke wake. Kwetu jina hilo hungoja mtoto wa pili. Wa kwanza wa kiume ni wa babu mzaa baba. Ndivyo Mwangi alivyopata jina la baba yangu, na ndivyo wewe ulivyopata la mama yangu, hata nikakuita mama tangu ulipokuwa hujui kusimama. Mtoto huyu alikuwa awe Gitau. Alikuwa awe mimi.

Wapo watakaokuambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Wengi wanaosema hivyo wana mashamba. Mtu mwenye shamba akikosa jina bado ana mahali pa kuonyeshwa: mpaka ule, mti ule, kaburi la babake pale. Mimi nilichukuliwa na askari wa wakoloni wakati wa Hali ya Hatari nikiwa na shamba la baba yangu, na nilipotoka kambi ya kizuizini ardhi ilikuwa imepimwa upya na kugawanywa bila mimi. Palipokuwa zizi letu pamesimama nyumba ya bati ya mtu aliyekaa upande uliofaa. Alinikaribisha chai. Niliinywa, mama, kwa sababu nilikuwa na njaa, na sijawahi kuisahau ladha yake. Ilikuwa chai nzuri. Tangu hapo nimekaa mtaa wa Bahati katika chumba cha halmashauri ya jiji, na jina ndicho kitu pekee nilichotoka nacho ambacho hakuna karani aliyeweza kukikata vipande. Sasa nalo linaondoka.

Kwa hiyo usitegemee nikuandikie kwamba sikuumia. Lakini najua jambo hili lilitoka wapi, na wewe unajua nusu yake. Nusu unayoijua uliijua kabla yangu.

Unakumbuka kwa nini nyumba yetu ilizungumza Kiswahili. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa Mragoli, mimi Mkikuyu, na hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake. Nilipoanza kujenga amplifaya, vile vyombo vya kukuza sauti, nilihitaji jina la ule waya unaochukua sehemu ndogo ya sauti kule inakotokea, kwenye spika, na kuipeleka nyuma kule inakoingilia. Nikauita waya wa kurudi. Mama yako alikuwa anapiga pasi. Akauliza, "Unarudi wenyewe, ama unamrudi mtu?"

Nilicheka, lakini aliuliza vizuri kuliko kitabu. Kurudi ni kwenda tena ulikotoka. Kumrudi mtu ni kumkanya, kumweka sawa. Waya ule hufanya yote mawili. Kila amplifaya, hata iwe nzuri namna gani, ikikuza sauti hukuza na uongo wake ndani yake: huzidisha hapa, hukata pale. Waya wa kurudi huchukua kilichotoka, hukipindua, hukirudisha mwanzo kipingane na kinachoingia. Palipozidi panapunguzwa, palipopungua panajazwa. Sauti inatoka safi, karibu sawa na ilivyoingia. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza, katika yale magazeti ya redio ya Kiingereza yaliyokuwa yakiuzwa kwa uzito pale soko la Burma ili kufungia nyama, niliona kama nimesoma Zaburi. Kitu kinachojisikiliza na kujisahihisha! Hakuna serikali wala kanisa nililoona likifanya hivyo.

Ila kuna sharti moja, na magazeti yalilitaja kwa maandishi madogo. Onyo lazima lifike kwa wakati.

Umewaona watu wa mkokoteni wakishuka mteremko wa Shauri Moyo na mzigo wa mbao, mmoja mbele kwenye mpini, mwingine nyuma. Wa mbele akielemea kushoto, wa nyuma humrudi kulia, na mkokoteni unanyooka. Sasa mfanye wa nyuma awe mzito wa kuona. Wa mbele ameelemea kushoto, amejihisi, ameanza kujirudi mwenyewe kulia. Ndipo wa nyuma anazinduka na kusukuma kulia kwa nguvu zake zote. Nia yake ni njema, na nguvu yake ni ileile iliyowaokoa jana, lakini imechelewa, na sasa inasukuma upande uleule anakoelekea mwenzake. Mkokoteni unaenda kulia kupita kiasi. Wa nyuma anaona, anachelewa tena, anasukuma kushoto. Wakifika chini mbao ziko mtaroni na kila mmoja anamwita mwenzake mjinga.

Amplifaya nayo hufanya hivyo. Onyo likichelewa njiani hugeuka kuwa shangilio, na chombo huanza kupiga sauti yake chenyewe, bila mtu kukiimbia, mpaka kiungue. Anayechelewesha ni transfoma, lile furushi la waya wa shaba linalokaa kati ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, na spika. Transfoma nzuri huchelewesha kidogo sana. Yangu nilimpa fundi wa Gikomba aifunge kwa mkono, kwa waya uliotolewa kwenye mota zilizoungua, juu ya chuma cha transfoma ya zamani ya taa. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia na taratibu vilevile. Kiasi cha kurudi nilikitoa katika gazeti. Gazeti liliandikwa na watu waliokuwa na transfoma nyingine.

Nimelifikiri kosa hilo miaka mingi kwa sababu haliishii kwenye shaba. Vipimo vyote nilivyotumia katika maisha yangu nilivisoma mahali. Namna ya kumlea mtoto niliisoma kwa wamishonari, nikaisoma tena kambini chini ya watu waliokuwa wakituita watoto. Onya sana, onya mara nyingi, mtu atatoka safi. Sikuwahi kujiuliza onyo langu huchukua muda gani kumfikia mtu, maana mimi si mwepesi wa kusema. Nikikasirika hunyamaza kwanza. Hunyamaza wiki.

Mama yako alikuwa waya mfupi. Kosa langu halikumaliza sentensi kabla hajalijibu. "Baba Mwangi, hapo umekosea. Kula." Likaisha, na ugali bado una moto. Alipokufa nilidhani nimebaki na huzuni tu. Sikujua kwamba tangu siku ile hakuna mtu wa kunirudi kwa wakati, na kwamba nilikuwa nimeanza kupiga mbinja.

Hilo neno ni lako. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimemaliza amplifaya ya bendi ya Mwangi, valvu mbili kubwa na mbili ndogo, nikaiweka juu ya meza hii ninayoandikia. Nikaiwasha bila gitaa. Kimya kitupu. Nilijivunia kimya kile! Ukaingia na sufuria ya maji, ukaiweka chini, ukaziba masikio.

"Baba, inapiga mbinja."

"Wapi?"

"Kila mahali. Kama mbu, lakini ya chuma."

Niliinamisha sikio kwenye spika, sikusikia kitu. Mbwa wa Mama Atieno wa mlango wa pili alianza kulia, naye Mama Atieno akapiga kelele kutoka uani, "Baba Mwangi, zima hiyo kitu yako, Simba anafikiri ni Siku ya Kiyama!" Tukacheka. Nikakwambia hakuna mbinja, masikio yako yana maji ya kuoga. Mwangi alikuwa amesimama mlangoni na gitaa lake begani. Hakucheka.

"Wambui hasikii ovyo, Baba," alisema. "Tuutoe ule waya wa kurudi, angalau kwa leo. Hata kama sauti itakwaruza, si ni dansi tu?"

"Waya huo ndio akili yake," nikamwambia. "Ukiutoa inabaki kelele. Nani amesoma hapa, mimi ama nyinyi?"

Sasa najua kwamba masikio ya mtu wa umri wangu hufunga mlango wa juu, na sauti nyembamba kabisa hubaki nje. Watoto na mbwa huzisikia. Ilikuwa katika magazeti yaleyale. Nilikuwa nimeisoma! Sikufikiri kwamba ilikuwa ikinizungumzia mimi.

Dansi unaikumbuka, ulikuwa nje ya dirisha la ukumbi na wenzako. Bendi ilipiga nyimbo chache na kila mtu alinisifu, akiwemo yule mzee wa kamati aliyeniita mhandisi. Neno hilo lilinikaa tumboni kama nyama. Halafu sauti ya gitaa ikaanza kukonda. Kutoka nilipokaa niliona vile vipande vya chuma ndani ya valvu vikibadilika rangi, vikawa vyekundu kama makaa, halafu harufu ya lami ikatoka kwenye transfoma, na moshi. Muziki ukakatika katikati ya wimbo. Vijana wa mtaa wa Jericho waliokuwa nyuma hawakungoja.

"Buda, hiyo ni amplifaya ama jiko?"

"Leteni mahindi tuchome!"

"Mhandisi, chumvi iko wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Najua kucheka kwa watu wa Eastlands hakuna sumu. Kesho yake wangekuja kuniletea redio zao kama kawaida. Lakini nilipanda jukwaani. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeona mambo ya Mwangi yasiyonipendeza, kuacha kazi kiwandani, kurudi nyumbani alfajiri, na sikuwa nimesema hata neno moja. Yote yakatoka kwa mkupuo, mbele ya watu, na hayakuhusu moshi ule hata kidogo.

"Nani alikwambia uguse?"

"Sijagusa, Baba."

"Umegusa. Kila kitu unachogusa kinaungua. Huna mkono wa kazi wewe, una mkono wa kelele tu. Bora mama yako hakuishi kuona."

Aliutoa mkanda wa gitaa begani polepole, akaliegemeza gitaa kwenye spika, akashuka. Hakuja nyumbani. Ulilikuta gitaa lake nyuma ya mlango asubuhi, limeletwa na wenzake, nawe ukalifunika kwa khanga ya marehemu mama yako. Sikukuuliza kwa nini.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Na unajua pia siku niliyofunga valvu mpya na transfoma mpya ya fundi yuleyule, nikaiwasha tena bila kuunganisha kitu chochote. Kimya. Nikaweka mita kwenye nyaya za spika, nikitegemea sindano ilale. Ikapanda, ikatulia juu. Chombo kilikuwa kikipiga mbinja kwa nguvu zake zote mbele ya uso wangu, nami sikusikia chochote. Nilikata waya wa kurudi kwa koleo. Sindano ikalala. Ulikuwa umekaa hapo kwenye ndoo unaosha vyombo, ukasema, "Sasa imenyamaza." Ulitazama mlangoni.

Siku ile ningepanda basi la Nakuru. Tulikuwa tumeshaambiwa aliko, kwenye gereji ya malori, anachaji betri. Sikupanda. Nilisema mvua. Nilisema acha akomae. Nilisema Krismasi atakuja, nitamwambia akiwa amekaa, kwa heshima. Krismasi ile hakuja, na iliyofuata pia. Nilikuwa na ukweli mkononi, ukweli wenyewe kabisa, uliopimwa kwa mita, na nilidhani kwamba ukweli hauchachi.

Kisha nikaenda. Unakumbuka nilikwenda kabla ya Pasaka nikarudi peke yangu, ukaniuliza, "Hajambo?" nikasema hajambo. Hii ndiyo nusu nyingine.

Nilimkuta ndani ya ovaroli, mikono imeliwa na asidi. Alinipangusia kiti. Alikuwa amenenepa kidogo, na mpole, mpole mno. Alisema "ndiyo, Baba" hata kabla sijauliza. Chini ya meza palikuwa na kifurushi cha majani ya chai na khanga mpya ndani ya karatasi. Nikaulizia. Akasema ni zawadi, alikuwa amepanga kuja Pasaka.

"Nilisimama kanisani mwezi jana, Baba," akasema. "Nilisema mbele ya watu kwamba nilimwaibisha mzazi wangu kwa uzembe. Nimefikiri sana. Ni kweli sina mkono wa kazi nyembamba. Gitaa nimeacha. Hapa kwenye betri siharibu kitu, unamimina tu. Nilikuwa nije nikuombe msamaha."

Ungekuwa wewe ungenyamaza, au ungelia, au ungemwambia polepole kuanzia mwisho. Mimi nilikuwa nimelibeba onyo langu tangu Bahati, nikalitua palepale kama lilivyo. Nikamwambia hakugusa kitu. Nikamweleza transfoma, kuchelewa, mita, sindano. Nilimchorea kwenye vumbi la bati la betri. Nilidhani ninamwachilia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Ulijua lini?"

Nikamwambia.

Alicheka, mama. Sijawahi kumsikia mtu akicheka vile, na nimekaa kambini.

"Kwa hivyo nimejirudi bure," akasema. "Nimejirudi siku zote hizi, nimejipinda mpaka nikaingia kwenye hii ovaroli, kumbe kosa ni la transfoma yako. Na wewe ulijua. Ulikuwa unakula, unalala, unajua."

"Nimekuja kukwambia."

"Umekuja sasa, Baba. Sasa hivi nilikuwa nakuja mimi."

Akasukuma kile kifurushi kwa mguu, ndani zaidi chini ya meza, akamwita kijana wa lori aliyekuwa akingoja betri yake. Kisha nikaondoka.

Wa mbele alikuwa ameshaanza kujinyoosha, nikazinduka, nikamsukuma kwa nguvu zangu zote upande uleule. Kila neno nililomwambia lilikuwa kweli, na neno la kweli lilifanya kazi ambayo matusi ya jukwaani hayakuweza. Matusi yalimfanya aondoke. Ukweli ulimfanya asirudi. Basi jina la Kariuki halikutoka kwa mke wake, wala kwa dini, wala kwa ujana wa siku hizi kama shangazi yako atakavyokuwa anakueleza wakati huu. Lilitoka kwangu, likazunguka njia ndefu, na limefika.

Utauliza kwa nini sikwenda tena. Kwa sababu niliogopa kusukuma tena, na kwa sababu nina kiburi. Sijui ni lipi lilikuwa kubwa zaidi, na katika umri huu sitegemei kujua. Mtu aliyenyang'anywa vitu vingi hushika kiburi kama mali. Huwezi kumwambia akiweke chini. Atakuuliza ashike nini.

Amplifaya niliiponya mwishowe, unajua. Kanisa liliichukua, imekaa nyuma ya mimbari. Dawa yake ilikuwa ndogo, hata yaudhi. Nilipunguza kurudi kukawa kiasi kidogo, nikaweka na kapasita moja, kama punje ya harage, inayozuia chombo kisishughulike na zile sauti za juu kabisa ambako onyo huchelewa. Inakwaruza kidogo. Haina tena ule usafi wa gazeti. Jumapili iliyopita shemasi aliniuliza tena, "Fundi, mbona haina makali?" Nikamwambia imezeeka. Lakini haijawahi kuungua, na hakuna mtoto aliyeziba masikio, huwa nawatazama.

Onyo dogo, kwa njia fupi, na mengine kuyaacha yapite. Limenichukua maisha yangu kuligundua, na nimeligundua kwenye chombo. Kwa watu nilishindwa. Unakwenda kufundisha wasichana arobaini kwa mpigo, utaona mwenyewe kama lina maana. Mimi siwezi kukuapia.

Ninachojua ni kwamba umekuwa waya wangu tangu mama yako aende, na sikukusikiliza, na kesho unakwenda. Nitabaki na Mama Atieno na redio za watu. Watanisifu. Mtaa mzima utaniamkia "Baba Mwangi" kila asubuhi, jina la mtoto asiyetaka langu, nami nitaitika. Hakuna atakayeniambia nimekosea na nile.

Mwanga unaisha, na nimesikia lango la uani. Sio wewe bado, ni watoto wanaoleta maji.

Nakujibu sasa. Nimekaa na swali lako tangu Alhamisi, na hiyo ni siku nyingi kupita kiasi, lakini basi lako halijaondoka, kwa hiyo labda kwa mara moja sijachelewa.

Usimwambie Mwangi nimemsamehe, maana atauliza kosa gani, na atakuwa sawa. Usimwambie niliumia, anajua, ndiyo maana alifanya. Usimwombe mtoto wa pili awe Gitau. Akitaka ataita, asipotaka jina litakwenda liliko shamba. Usimtetee kwangu wala kunitetea kwake. Mchukue yule mtoto mikononi umwite Kariuki kwa sauti ya kawaida, kama jina lolote, mpaka uzoee, kisha uniandikie ana macho ya nani.

Na gitaa liko nyuma ya mlango. Nimelifuta vumbi leo ulipokuwa kanisani na kubadilisha nyuzi. Lichukue. Likimkera, liweke chumbani mwako, lakini lifike.

Kwa Mwangi neno ni moja, na usiongeze hata kidogo. Mwambie: Baba amesikia. Mwambie siku ileile, mlangoni, kabla hujavua viatu.

Ni mimi,
Baba Mwangi